Mikia Iliyobaki Matopeni: Hesabu ya Mtunya, Njaa Iliyoua Mmoja kati ya Watano Ugogo

Mtoto wa Dodoma hukua akisimuliwa jinsi mji ulivyopata jina. Tembo alikwenda kunywa maji, matope yakamshika, akazama, na waliomwona wakasema "idodomya", amedidimia. Ipo simulizi nyingine ya jina hilohilo ambayo haitajwi sana. Wagogo waliiba kundi la ng'ombe wa Wahehe, wakachinja, wakala wote, wakabakiza mikia tu. Wenye mali walipofuata nyayo na kudai chao, wakaonyeshwa mikia imechomekwa kwenye tope: ng'ombe wenu hao, wamedidimia.

Simulizi hiyo ya pili ndiyo inayonirudia kila ninaposoma habari za miaka ya 1917 hadi 1920. Safari hii waliopoteza ng'ombe walikuwa Wagogo wenyewe, na pamoja na ng'ombe waliondoka nafaka, wanaume na mwisho uhai. Katika Ugogo, nchi yao, iliyokadiriwa kuwa na watu 150,000, walikufa wapatao 30,000. Wagogo waliita njaa hiyo Mtunya. Ichukue kwa kijiji kimoja cha kaya 50 zenye watu sita sita: makaburi 60, kama palikuwa na wa kuchimba.

Hoja yangu ni moja. Mtunya haikuletwa na ukame. Ukame ulikuja mwisho, ukakuta nyumba imeshabomolewa ukuta mmoja baada ya mwingine. Waliobomoa ni majeshi mawili ya kigeni, la Wajerumani na la Waingereza, yaliyopigana Vita Kuu ya Kwanza, vita isiyowahusu Wagogo, na kazi hiyo inaweza kufuatwa kwa kilo, kwa siku na kwa magunia. Nani alitaka nini moyoni mwake ni suala jingine. Mimi nataka tuangalie hesabu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Dodoma hupata wastani wa mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi katikati ya msimu jua hupiga wiki mbili au tatu mfululizo, mtama ukiwa goti. Mvua yenyewe hunyesha kwa viraka. Bahi wanapata, Mvumi wanakosa. Mwaka unaofuata mambo yanageuka. Aliyeishi hapa vizazi vingi hawezi kutegemea shamba moja wala ghala moja. Ndiyo maana Wagogo walilima uwele na mtama unaovumilia kiu, wakahifadhi nafaka kwenye vilindo ndani ya tembe, na wakatawanya ng'ombe. Mwenye ng'ombe 20 hakuwaweka wote kwake. Watano kwa shemeji, wanne kwa rafiki wa mbali, watatu kwa jirani maskini anayepata maziwa kama ujira wa kuchunga. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mazizi mengine yapo. Na kijiji kizima kikikosa mavuno, watu walikwenda kuhemea: wanabeba mbuzi, ngozi, chumvi au nguvu zao tu, wanakwenda kwa ndugu na marafiki waliopata mvua, wanarudi na nafaka kichwani.

Mfumo huo ulikuwa bima, na bima nzuri. Lakini bima ya namna hiyo ina sharti moja: balaa lije kwa viraka kama mvua. Jirani yako lazima awe na bahati tofauti na yako. Balaa likimpiga kila mtu kwa msimu mmoja, mikopo yote ya ng'ombe na udugu wote wa kuhemea hauna pa kushika. Ukame mara chache hufanya hivyo. Jeshi hufanya.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, mwaka uleule vita ilipoanza. Kikosi cha Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, ambacho kwenye kilele chake kilikuwa na watu wapatao 14,000, kilifungiwa bahari na manowari za Waingereza. Chochote walichokula kilitoka ndani ya koloni. Ugogo, yenye mifugo mingi na reli ikipita katikati, ikawa jiko la karibu. Kisha katikati ya Aprili 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, wa upande wa Waingereza, wakiongozwa na jenerali van Deventer walishuka kutoka kaskazini wakaiteka Kondoa-Irangi. Walikuja juu ya farasi. Mbung'o na magonjwa yakawaua farasi hao kwa maelfu. Mvua ikakata njia nyuma yao. Jeshi zima likakaa Kondoa hadi Julai, magari yamezama kwenye tope, likila kilichokuwepo Kondoa na pembezoni mwake. Mwishoni mwa Julai 1916 wakaiteka Dodoma.

Angalia mpangilio huo. Jeshi linalorudi nyuma huchukua chakula ili adui asikikute. Jeshi linalosonga mbele huchukua chakula kwa sababu akiba yake imekwama nyuma. Nchi iliyo katikati hupitiwa mara mbili, na mara zote mbili kila mmoja ana sababu zake nzuri.

Sasa tuje kwa wapagazi, kwa kuwa hapo ndipo njaa ilipoanza kutengenezwa hasa. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli, na nje ya reli hapakuwa na kitu cha kubebea isipokuwa kichwa cha binadamu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27. Mtu anayetembea na mzigo huo anahitaji walau kilo moja ya unga kwa siku. Chukua safari ya Dodoma hadi Iringa, kilomita 260 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 25 au 26 kwa siku ni siku kumi. Siku kumi za kwenda na kumi za kurudi, mpagazi anakula kilo 20. Katika zile 27 alizoondoka nazo, zinazomfikia askari ni saba.

Ukitaka tani moja ya unga ifike Iringa, unahitaji wapagazi 143 na karibu tani 3.9 za unga pale wanapoanzia. Karibu tani tatu zinaliwa njiani. Ongeza siku tatu na nusu tu kwenye safari ya kwenda na mzigo wote unaishia tumboni mwa aliyeubeba; hafikishi hata kikombe. Na hapo nimewafanya wote kuwa wazima, hakuna anayeharisha, hakuna mto uliofurika, hakuna mlinzi wala mpishi anayekula bila kubeba. Ofisa wa ugavi alikuwa na njia mbili za kuziba pengo hilo: kumpunguzia mpagazi posho, au kuchukua nafaka kwenye vijiji vya njiani. Zote mbili zilitumika katika vita hii. Ya kwanza ilichangia kuua makumi ya maelfu ya wapagazi Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Ya pili ilifungua vilindo vya watu.

Wasomaji wengi huishia hapo, wakidhani hasara ya kijiji ni magunia yaliyochukuliwa. Hasara kubwa zaidi ni mtu aliyechukuliwa, na inaonekana shambani miezi kadhaa baadaye.

Familia ya watu sita inakula kama kilo tatu za nafaka kwa siku, magunia 11 kwa mwaka. Kwa mavuno ya wastani ya hapa, tuseme magunia mawili na nusu kwa eka, inahitaji karibu eka tano. Kupanda si kazi kubwa. Kazi ni palizi. Eka moja ya mtama kwa jembe la mkono inachukua siku nane hadi kumi za mtu mmoja, na palizi ya kwanza lazima iishe ndani ya wiki tatu au nne, la sivyo magugu yananyonya unyevu ambao mtama ulikuwa uupate. Eka tano ni siku 45 za kazi ndani ya siku kama 20: watu wazima wawili na zaidi, wenye afya, wanaoinama tangu alfajiri. Mwondoe baba na kijana wake mkubwa. Mama aliyebaki, labda ana mimba, labda ananyonyesha, anaweza kuokoa eka mbili. Hizo tatu nyingine zimeshapotea, na mvua bado inanyesha vizuri.

Kisha ndege. Mtama ukianza kujaa maziwa, kwelea kwelea wanakuja, na kuanzia hapo hadi kuvuna ni wiki nne hadi sita za kukaa juu ya dungu kuanzia kabla jua halijachomoza, na kombeo na kopo na sauti. Ndege mmoja hula gramu 10 hivi kwa siku. Ni kidogo mno kiasi kwamba mtu wa mjini hucheka. Kundi la ndege 100,000, ambalo kwa kwelea kwelea ni kundi la kawaida, hula tani moja kwa siku: magunia kumi, karibu chakula cha mwaka cha familia moja, kati ya kifungua kinywa na magharibi. Kulinda kunahitaji watu wengi kwenye mashamba mengi kwa wakati mmoja, maana ndege wakifukuzwa kwako wanahamia kwa asiye na mlinzi. Kijiji kilichonyang'anywa vijana hakiwezi kulinda.

Kuhusu ng'ombe nitasema machache, ingawa kwa Mgogo hilo ndilo jeraha lenyewe. Jeshi likichukua madume, mwenye zizi anaumia lakini anasimama tena. Likichukua majike, limechukua miaka ijayo. Jike la asili hapa huzaa kwa mara ya kwanza likiwa na miaka minne hivi, na huzaa tena kila mwaka na nusu, nusu ya ndama wakiwa madume. Aliyebakiwa na jike moja, baada ya miaka saba atakuwa na majike matatu, kama hakuna aliyekufa. Na wale wa kwa shemeji? Shemeji naye alipitiwa.

Walilipwa, atasema mtu. Kuna waliolipwa, na Wajerumani walichapa noti za dharura kwa wingi baada ya fedha kutoka kwao kukatika. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli Tabora, walifua hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta kwa bei kubwa. Lakini noti haisagwi ikawa unga. Fedha hununua chakula pale tu ambapo kuna mwenye chakula cha ziada, na mpango mzima ulikuwa umehakikisha hayupo.

Ndipo mvua zikakosekana. Ukame wa 1918 uligusa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na Ugogo ikaupokea bila akiba kwenye kilindo, bila maziwa ya kutosha, bila nguvu za kulima upya. Watu wakala ubuyu, majani, mizizi ya porini. Wakaenda kuhemea kama mababu zao, wakakuta wanaohemewa nao wanahemea.

Nataka tusimame kidogo kwenye kitu kimoja kidogo: debe la mbegu.

Kila kaya ilibakiza mbegu. Masuke bora, yaliyochaguliwa wakati wa mavuno, yakatundikwa juu ya moto ndani ya tembe ili moshi ufukuze fukusi. Yakipurwa, tuseme ni debe moja, kilo 16. Kwa kiasi cha kilo nane kwa hekta, debe hilo linapanda hekta mbili, ambazo ndizo zile eka tano: chakula cha mwaka mzima cha watu sita. Likipikwa leo, linawalisha watu walewale sita kwa siku tano. Mama anajua hesabu hii kuliko ofisa yeyote. Watoto wanne wamelala chini, mmoja ameanza kuvimba miguu, mvua ni baada ya wiki nne. Asipopika, huenda asiwe na wa kumlimia. Akipika, mwakani hana cha kupanda hata mvua ikinyesha kama zamani. Hakuna jibu sahihi hapo, na anayesema watu wa zamani "walikula mbegu kwa kukosa mipango" anamtukana mtu aliyewekwa mbele ya hesabu isiyo na njia ya kutoka. Kwa debe hilo njaa ya mwaka mmoja inageuka njaa ya miaka mitatu.

Mwishoni mwa 1918 mafua ya Kihispania yakaingia, yakisafiri na watu waliosafiri kwa meli na treni, na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Mwili uliokonda hauna cha kupigania. Na hata aliyefika penye chakula alikuwa hatarini. Mtu aliyeshinda njaa kwa wiki nyingi akipewa sinia la ugali, mwili unaanza ghafla kuchoma wanga, madini ya fosfati na potasiamu kwenye damu yanashuka, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku chache. Huanzishwa kwa uji mwepesi, kikombe kidogo, mara nyingi kwa siku, kwa siku kadhaa. Mwenyeji mwenye huruma asiyejua hilo anaweza kumuua mgeni wake kwa ukarimu.

Je, ingewezekana kuokoa? Ichukue Ugogo yote, watu 150,000, kwa nusu kilo ya nafaka kila mmoja. Ni tani 75 kwa siku. Kwa behewa la mizigo la wakati ule, tuseme la tani 15, ni mabehewa matano. Treni moja fupi kila siku, kwenye reli inayopita katikati ya nchi yenyewe. Kutoka stesheni, mpagazi wa mwendo wa siku mbili kwenda na mbili kurudi anafikisha kilo 23 kati ya 27, tofauti kabisa na zile saba za Iringa. Kwa maneno mengine, hesabu ileile iliyoangamiza Ugogo ingeweza kuiokoa kama umbali ungekuwa mfupi na treni ingegeuzwa kazi. Lakini vichwa vya treni vilivyopona vilikuwa vya jeshi, na Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini hadi tarehe 25 Novemba 1918, mbali huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Mpaka siku hiyo mabehewa yalikuwa na mwenyewe. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote. Njia ya kupeleka chakula ilikuwepo, ikapangiwa kazi nyingine.

Kuna hoja moja ya upinzani inayostahili jibu. Wanasema Ugogo imekuwa nchi ya njaa tangu zamani. Wazee walihesabu hata miaka ya kuzaliwa kwa majina ya njaa. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu ya kushtuka. Watu waliozoea njaa kiasi cha kuipa kila moja jina lake walikuwa na ujuzi wa kuishi nazo. Njaa za viraka ziliwafundisha kutawanya ng'ombe, kuchagua mbegu, kuoa mbali. Ukiona watu wa aina hiyo wanakufa mmoja kati ya watano, usiulize walikosea nini. Uliza nani alipita hapo.

Kwa wanaofuatilia chakula kanda ya kati leo, somo la kiufundi lipo na halihitaji mitambo mikubwa. Kipimo cha mapema kuliko mvua ni mnada: dume moja linanunua magunia mangapi. Anayeuza dume mnadani na kwenda soko la nafaka la Kibaigwa siku hiyohiyo anacho kipimo hicho mkononi. Dume likishuka kutoka magunia sita hadi matatu ndani ya miezi miwili, watu wameanza kuuza kwa pamoja, na viraka vimeungana. Pili, ghala la mbegu lihesabiwe mbali na ghala la chakula, kwa kuwa msaada wa unga usioambatana na mbegu unafika wakati debe lile limeshapikwa. Tatu, waangaliwe waliopo wa kupalilia, kaya kwa kaya, si ekari zilizopandwa tu.

Na lipo jina lenyewe. Wagogo hawakuita miaka ile jua, wala kiu, wala vumbi. Mtunya, kwa Cigogo, ni kunyang'anyana, kila mkono ukivuta chake. Waliokuwepo walitazama yote yaliyotokea, kuanzia askari wa kwanza aliyefungua kilindo hadi jirani wa mwisho aliyegombea ubuyu na jirani yake, wakachagua neno hilo. Mikia iliyochomekwa matopeni wao hawakuipokea kama maelezo.